NILISEMA: NIMEMALIZA



Sisi tuliozaliwa katika kambi za wafanyakazi tunajua shimo na mashine, lakini wengi wetu hatujui maji makubwa. Mimi nilikaa majuma sita ndani ya mashua ya tanga pale Kalemie, tukingoja kwenda kusini. Nataka kuwaelezea namna ilivyokuwa. Si kwa kujivuna; mtaona wenyewe.

Ilikuwa mwaka 1995, nchi ingali inaitwa Zaire. Nilikuwa na miaka 18. Baba alikuwa fundi wa pampu za maji mgodini, upande wa Kolwezi. Mshahara ulikuwa umekwisha kuwa hadithi: mwezi unapita, wa pili unapita, na sisi watoto saba tunakula mara moja kwa siku. Njo baba akauza baiskeli na redio yake, akanifungia pesa ndani ya kitambaa, akasema: «Enda kwa mujomba wako Kalemie. Atakuonyesha fasi maharagi iko bei ya chini.» Nikapanda treni: Tenke, Kamina, Kabalo, mpaka ziwani.

Mujomba, kaka ya mama, alikuwa na mashua ya mbao, hatua kumi na mbili kwa urefu. Alikuwa akipeleka chumvi, sabuni na nguo zilizovaliwa mpaka Moba, zaidi ya kilometa 130, na kurudi na maharagi na mahindi ya milima ya Marungu. Mimi nilifikiri tutaondoka kesho yake. Mujomba akacheka. «Kesho? Muulize upepo kwanza.»

Nikafundishwa hivi: wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo mkubwa wa ziwa unatoka kusini. Mwenye motere anaweza kupigana nao. Mwenye tanga hawezi. Utampiga usoni na kumrudisha nyuma. Anaweza tu kujiiba usiku kandokando ya pwani, kwa ule upepo mdogo unaoshuka toka milimani. Ilikuwa mwezi wa nane. Ilifaa kungoja ule mkubwa upunguke, na wakati wa kungoja ni wakati wa kutengeneza.

Maisha ndani ya mashua si kama ya nyumbani. Tulikuwa wanne: mujomba, mzee mmoja baharia, kijana mmoja aliyenipita miaka michache, na mimi. Tulilala juu ya mikeka, tanga likiwa paa letu. Mbabula ilikaa ndani ya sanduku lenye mchanga, moto usiguse mbao. Kila kitu kilikuwa na mahali pake: sufuria hapa, kisu pale, kamba kule. Ukiacha kikombe ovyo, usiku utakikanyaga. Chakula kilikuwa bukari na ndakala, siku ya bahati mikebuka mbichi. Na hakuna pa kujificha: ukikasirika, wote wanajua, ukilia usiku kwa kukumbuka kwenu, wote wanasikia na kunyamaza.

Muchana tulifanya kazi. Mzee alinionyesha kushona tanga kwa sindano kubwa. Lilikuwa la amerikani, lenye viraka vya magunia ya unga. Tulisokota kamba, tukakausha samaki na mihogo ya safari. Nilichoka na maandalizi. Kila siku niliwaza: kule kwetu watoto wana njaa, na mimi niko hapa nashona kitambaa!

Mwishoni tukavuta mashua juu ya mchanga, tukailaza upande kwa kuziba mistari kati ya mbao. Unachukua pamba, unailowesha katika mawese, unaisukuma ndani kwa patasi na nyundo mpaka ikatae kuingia. Kisha unapaka juu. Kazi ni ndogo lakini haina mwisho. Yule kijana alipewa upande wa kushoto, mimi wa kuume.

Siku ya tatu, jua likishuka, ulinibakia mstari mmoja chini ya tumbo la mashua, karibu na mkuku, yaani ule mti mkubwa wa chini unaobeba mbao zote. Ilifaa kulala mgongo ndani ya mchanga wenye maji, mafuta yakinidondokea machoni. Pamba ilikuwa imekwisha katika kopo langu, na kuifuata ilikuwa hatua hamsini tu. Sikuifuata. Nikapaka mawese peke yake juu ya mstari, ukaonekana sawasawa na ingine.

Mujomba akauliza: «Mutoto, ulimaliza?»

«Nilimaliza, Mujomba.»

«Mpaka chini?»

«Mpaka chini.»

Tukairudisha majini. Maji kidogo yakaingia, na mujomba hakushangaa. Mbao zilizokauka zinakunywa kwanza, alisema, kisha zinavimba na kujifunga zenyewe. Tukawa tunakumba maji asubuhi na jioni. Mimi peke yangu nilijua, na nikajituliza nafsi: labda zitavimba kweli.

Majuma mawili yakapita, upepo ukaanza kulegea. Tukapakia. Chini kabisa, upande wa nyuma, tukaweka magunia kumi ya chumvi ya Uvinza, iliyovuka kutoka Kigoma. Yalikuwa ya mama mmoja mjane. Mashua ikashuka kwa uzito, na maji ya chini yakasukuma kwa nguvu. Usiku ule ule, tukingali bandarini, mzee akaamka na kuguta: «Maji!» Tulikumba mpaka alfajiri. Magunia manne ya chumvi yalikuwa yamenyauka kama watu wenye njaa. Chumvi ilikuwa imerudi ziwani.

Mama yule akafika asubuhi. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya mchanga, akasema: «Miye sina bwana. Ile chumvi njo bwana yangu.»

Tukashusha vyote, tukavuta mashua pwani. Mujomba alipitisha kisu chake mstari kwa mstari. Chini ya tumbo kisu kikazama mpaka mpini. Akamgeukia yule kijana, kwa sababu yeye ndiye aliyelipwa, na mimi nilikuwa mtoto wa dada. «Ni weye? Kunja mukeka yako.»

Kijana hakujitetea. Nafikiri alijua kwamba maskini haaminiwi. Akaanza kukunja mkeka wake polepole, akaufunga kwa kamba, mara moja, mara ya pili. Nami nilinyamaza. Wasomaji, uwongo wa kwanza ulikuwa wa uvivu. Lakini kile kimya changu kilikuwa cha ubaya. Alipoinua mkeka begani, ndipo sauti ilinitoka: «Mujomba, ni miye. Sikutia pamba.»

Nilingoja kofi. Halikuja. Mujomba akamwambia kijana aweke mkeka chini, tena akamwomba radhi mbele yetu wote, yeye mtu mzima. Kisha akanipa kopo na patasi. «Rudilia. Pande zote mbili.» Akanyosha mkono kuonyesha ziwa. «Hapa tulipoteza chumvi. Kule ingekuwa watu.»

Ndugu zangu, Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na penye kina kirefu ni metre 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal tu, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Kule katikati, mtu wa kukuuliza nani aliziba haonekani tena.

Nilirudilia siku tano. Yule kijana alikuja kunishikia taa jioni, bila kuombwa. Tuliondoka usiku, upepo wa milimani ukijaza tanga. Kila saa niliingiza mkono chini ya sakafu kupapasa. Pakavu.

Chumvi ya mama nililipa kwa pesa ya baba. Alitegemea magunia manane ya maharagi. Kituoni Kolwezi alihesabu matano. Nilimweleza yote palepale. Alinyamaza sana, kisha akasema: «Mugodini tunavuta maji usiku na muchana. Maji haiangalie rangi ya juu, mutoto. Inatafuta tu nafasi.» Tukabeba magunia, tukaenda nyumbani. Mwaka ule tulikula kwa kupima.

Leo mimi ni baba, na kijana wangu ni fundi wa kuchomea chuma. Anaporudi jioni namuuliza: «Ulimaliza?» Anajibu: «Nilimaliza, baba.» Namuuliza tena: «Mpaka chini?» Siku zingine anacheka. Siku moja alisimama kimya, akachukua kofia yake, akarudi kazini.