Reale ya Mzinga: Safari Yetu ya Mlima wa Fedha, Potosí



Ndani ya kasha la marehemu bibi yetu mlikuwa na kitambaa cheusi kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo reale moja ya fedha, iliyolika kingo kwa kupita mikononi mwa watu. Upande mmoja ina sura ya mfalme wa Uhispania, na upande wa pili nguzo mbili zimesimama kulia na kushoto kwa ngao. Wazee wetu wa pwani hawakuziona kuwa ni nguzo. Waliona mizinga, wakaiita reale ya mzinga, ili kuitenga na reale ya Sham iliyotoka Austria. Katika maandishi ya ukingoni mna alama ndogo ya herufi P, T, S na I zilizopandana. Sonara mmoja wa Mombasa aliitazama kwa kioo chake, akatwambia kuwa hiyo ni alama ya Potosí.

Mwenyezi Mungu akajaalia mwanetu wa kiume apate masomo katika mji wa Sucre, nchini Bolivia. Tulipokwenda kumzuru, mke na mume, alituuliza tungependa kuona nini katika nchi ile. Tukamjibu kwa kauli moja: mlima ilikotoka fedha ya bibi.

Kutoka Sucre hadi Potosí basi hupanda kwa muda wa saa tatu na zaidi. Sisi tuliozaliwa usawa wa bahari tuliuonja urefu ule kwa kifua. Mji umejengwa kwenye mwinuko wa mita 4,000 na zaidi, na hatua kumi tu za kupanda ngazi zilitosha kutukatisha pumzi. Juu ya mapaa ya nyumba umesimama mlima mwekundu mfano wa pia iliyopinduliwa, nao Wahispania waliuita Cerro Rico, yaani mlima wa utajiri. Kilele chake kinakaribia mita 4,800.

Siku ya kwanza tulipelekwa katika jengo la kale la kupigia sarafu, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1773 na ambalo leo ni makumbusho. Humo tuliona mitambo mikubwa ya mbao iliyokuwa ikisukumwa na nyumbu ili kuibana fedha iwe bapa kabla ya kukatwa sarafu. Tulielezwa kwamba fedha iligunduliwa mlimani mwaka 1545, na kwamba katika miaka ya 1570 Francisco de Toledo, aliyetawala kwa niaba ya mfalme, aliweka utaratibu wa kazi ya lazima uitwao mita. Wanaume wa Kihindi kutoka mikoa ya mbali waliletwa kwa zamu, zaidi ya 13,000 kila mwaka, kuchimba na kusaga mawe. Mawe yaliyosagwa yalichanganywa na zebaki, ambayo hunasa fedha na kuitenga na mchanga. Na zebaki hiyo iliwadhuru wengi. Waafrika waliouzwa utumwani nao walitumikishwa katika kazi ya sarafu. Hapo sote wawili tulinyamaza. Reale ile tuliyoijua kuwa ni kumbukumbu ya biashara ya majahazi na ya mahari za kale, ilikuwa na kumbukumbu nyingine ambayo bibi hakuijua.

Siku ya pili ndiyo ya mgodi wenyewe. Wasomaji wafahamu kuwa mlima huu si magofu. Hadi leo maelfu ya wachimbaji huingia humo, wengi wao katika vyama vya ushirika, wakitafuta zinki, risasi, bati na mabaki ya fedha. Kiongozi wetu alikuwa mchimbaji wa zamani. Alituvika ovaroli, mabuti ya mpira, na kofia ngumu zenye taa, nayo ya mama wa safari ikakaa juu ya mtandio bila taabu. Kisha akatupitisha soko la wachimbaji, kwani ni desturi ya mgeni kuwachukulia zawadi wale atakaowakuta kazini.

Katika soko hilo baruti huuzwa wazi kama sukari. Wageni wengi hununua majani ya koka, ambayo wachimbaji huyatafuna kama miraa inavyotafunwa kwetu, ili kuzima njaa na uchovu. Hununua pia sigara na pombe kali. Tulimweleza kiongozi kwamba dini yetu haituruhusu kununua pombe wala kumpa mtu. Hakukasirika. Alisema glavu na barakoa za vumbi ndizo zinazokwisha upesi kuliko vyote. Tukanunua jozi sita za glavu, barakoa, mikate na chupa za maji ya matunda.

Lango la mgodi ni dogo kuliko mlango wa ua. Tuliingia tumeinama, maji ya matope yakitufika vifundoni, na magogo yaliyoshikilia dari yakitugusa mabega. Baada ya dakika chache mwanga wa nyuma ulipotea. Hewa ikawa nzito, yenye harufu ya kiberiti, na baridi ya nje ikageuka joto. Mara kiongozi alipiga ukelele, tukajibana ukutani, na kigari cha reli kilichojaa mawe kikatupita, kikisukumwa na vijana watatu waliolowa jasho.

Katika chumba cha pembeni palikuwa na sanamu ya udongo yenye pembe, imewekewa majani ya koka na sigara. Wachimbaji huiita Tío, yaani mjomba, na huiona kuwa ndiye mwenye mali ya chini ya ardhi. Kiongozi alisema watu hawa hawa Jumapili huenda kanisani. Ila humu chini, ambapo jiwe moja laweza kummaliza mtu, hofu ina nguvu zake. Sisi tulirudi nyuma hatua chache tukamtaja Mola wetu kimya kimya. Hatukucheka wala hatukukejeli, kwani hatujawahi kutafuta riziki mahali kama pale.

Mbele kidogo tulimkuta mtu mzima akipiga nyundo na tindo. Mwanetu alikuwa amekwisha inua simu apige picha, yule bwana akageuza uso wake ukutani. Mwanetu akaishusha simu, akaomba radhi. Tulimpa glavu na mkate, naye akatushukuru, akatueleza kwamba baba yake alifariki kwa maradhi ya mapafu yaletwayo na vumbi la mawe, na kwamba yeye mwenyewe hukohoa usiku. Hana mshahara, hupata kwa kadiri ya jiwe atakalolitoa. Tulisimama pale na kofia zetu za kukodi, tukaona aibu. Tulikuwa tumelipa tiketi kwenda kutazama mtu akijichosha.

Tulipotoka nje jua la adhuhuri lilikuwa kali. Kando ya lango palikuwa na kibanda cha mawe. Mama mmoja aliketi mbele yake akipasua mawe kwa nyundo ndogo, akitenga yenye madini na yasiyokuwa nayo. Kwa mila za mgodi, mwanamke akiingia kuchimba huhesabiwa kuwa ni nuksi. Basi wajane wengi hufanya kazi hii ya nje, na wengine hulinda vifaa vya wachimbaji usiku. Mama huyu alikuwa mjane. Alikiona kidole chenye pete ya fedha, kazi ya sonara wa Lamu, akaomba aishike. Akaipima kiganjani, akauliza bei yake. Tukamwambia. Akasema, na mwanetu akatufasiria: “Nimezaliwa chini ya mlima huu, na sijawahi kuvaa fedha.”

Tukamwambia basi pete ni yake. Akairudisha. Akauliza kama tuna glavu.

Hatukuwa na hata jozi moja. Jozi sita zote tulizigawa ndani, kwa wanaume. Tangu sokoni haikutupitia kuwa huenda kuna mwanamke anayepasua mawe kwa mikono mitupu. Tuliposhuka mjini tulirudi sokoni, tukanunua jozi za vipimo vidogo, tukamkabidhi kiongozi ampelekee yeye na wenzake kesho yake. Naye siku ya pili alimpigia mwanetu simu kuwa zimefika.

Kabla ya kushuka tuliswali adhuhuri kwenye kipande cha ardhi tambarare. Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini. Huko tulielekea mashariki, na mlima ukawa nyuma yetu.

Atakayejaaliwa kwenda, apumzike mjini siku mbili kwanza ili mwili uzowee urefu. Mwenye pumu, mwenye moyo dhaifu na mjamzito asiingie mgodini. Achague kiongozi aliyewahi kuchimba, aombe idhini kabla ya kupiga picha, na achukue glavu za wanaume na za wanawake.

Tuliporudi nyumbani tulilifungua kasha. Reale ya bibi ina uzito wa gramu 27 hivi. Tuliipima pamoja na fedha nyingine tuliyoiweka akiba miaka mingi bila kuihesabu, tukailinganisha na nisabu ya dirhamu 200, ambazo wanazuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa gramu 595. Tulikuta imepita, na zaka yake ya fungu moja katika arubaini hatukuwa tumeitoa. Tumetoa ya mwaka huu, na kwa ile iliyotupita tumemwendea shekhe wetu atuongoze. Basi nanyi, mama zetu na dada zetu, fungueni makasha yenu mkapime, na watoto wawepo waone.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wachimbaji na wajane wa mlima ule, awape riziki isiyowaua, na atusamehe tuliyoyasahau. Amin.