Roboti ya binti yangu ilikwama kwa sababu yangu

Mwaka jana binti yangu wa kidato cha tatu alirudi nyumbani Busunzu na mchoro wa penseli: kigari chenye magurudumu manne, mota nne na betri katikati. Klabu yao ya sayansi ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya roboti. Roboti ilitakiwa kupanda ubao ulioinamishwa ikiwa imebeba kopo la mchanga. Pembeni alikuwa ameandika: magurudumu ya milimita 65, giaboksi ya 1 kwa 120.

Mimi ni mtu wa baiskeli. Nimebeba mihogo na ndizi kwenye vilima hivi tangu ujana, nikajiona nayajua magurudumu kuliko mtoto. "Mama, kigurudumu hicho kitapanda nini? Niachie mimi." Nikamwagiza ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam anunue magurudumu ya milimita 100, na zile mota ndogo za njano zenye giaboksi ya 1 kwa 48, kwa kuwa muuzaji alisema zina mbio. Fedha ilitoka kwenye maharage.

Magurudumu hayakuingia. Shafti ya mota zile ni ya plastiki, imechongwa bapa pande mbili, na tundu la magurudumu niliyonunua lilikuwa duara. Nikapaka gundi. Akasema, "Baba, itateleza." Nikamwambia ashike bisibisi.

Siku ya majaribio, sakafuni ilikimbia kweli, watoto wakashangilia. Ilipofika kwenye ubao ikaguna, ikasimama. Kisha shafti mbili zikaanza kuzunguka peke yake ndani ya magurudumu yaliyotulia tuli. Wenzake walicheka. Njia nzima ya kurudi hakunisemesha.

Usiku nikamwomba anieleze. Akaipindua baiskeli yangu uani, magurudumu juu, akazungusha pedeli mara moja tu. Gurudumu la nyuma likazunguka zaidi ya mara mbili. "Gia ya mbele ina meno mengi, ya nyuma machache. Unapata mbio, lakini mlimani unalipa kwa magoti. Ndiyo maana unashuka unasukuma, Baba."

Kwenye roboti ni kinyume. Mota inazunguka mara 48 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ikiwa ni mara 120, mwendo unapungua lakini nguvu inaongezeka kama mara mbili na nusu. Gurudumu kubwa nalo linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, ila msukumo wake chini unapungua. Alipozidisha yote mawili, uchaguzi wangu ulikuwa umeiachia roboti kama robo tu ya nguvu aliyoipanga yeye.

Halafu akagusa kotapini ya pedeli. "Hii umebadilisha mara ngapi?" Mara nyingi. Ule ubapa wake ndio unaoubana mkono wa pedeli kwenye ekseli. Ukilika, pedeli inacheza. Jambo hilo nalijua kwa miaka, na bado nilipaka gundi kwenye shafti.

Kuna mashindano ya kimataifa yanaitwa FIRST Global, yalianza Washington mwaka 2017. Kila nchi inaleta timu moja ya vijana, na timu zote zinapewa kisanduku cha vifaa vya aina moja. Sasa naelewa kwa nini: tofauti inabaki kwenye uchaguzi wa vijana wenyewe.

Safari hii nilimpa fedha mkononi, akaagiza mwenyewe. Zilipofika alipiga alama ya chaki kwenye kila gurudumu, akawasha mota huku amelishika gurudumu kwa vidole, akiangalia kama shafti itazunguka peke yake. Haikuzunguka. Umeme ulikuwa umekatika, nikauliza nisaidie nini.

"Shika tochi, Baba. Hapa, karibu kidogo."

Nikashika. Kwenye ubao tuliouegemeza ukutani, roboti ilipanda polepole kama kinyonga, kopo la mchanga likiwa mgongoni, hadi juu.