Sokoni Kingalu, kabla ya Idi

Jumamosi, 8 Juni 2024
Daladala ya Mzinga imejaa tangu inageuza, nimesimama mpaka mjini Morogoro. Nilifuata njegere Soko Kuu la Chifu Kingalu. Za Mgeta, zimeshuka usiku kwa Fuso, maganda bado yana unyevu. Mama anajaza sado, anaongeza kiganja juu mpaka zinaanza kuporomoka. "Hizo za juu nyongeza, dada, usizihesabu." Najua nyongeza imo kwenye bei, lakini inafurahisha vilevile.

Jengo hili la ghorofa alilifungua Rais Magufuli 11 Februari 2021. Soko la zamani lilibomolewa. Hili ni safi, mvua haikunyeshei, sibishi.

Jumatatu, 10 Juni
Mwanangu kauliza Kingalu alikuwa nani. Si mtu mmoja, nikamwambia. Ni cheo cha machifu wa Kiluguru wa Kinole, na hurithiwa upande wa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Ardhi ya Uluguru nayo hufuata ukoo wa mama. Ndiyo maana jina hilo limelikaa soko: vingi vinavyouzwa pale vimetoka kwenye mashamba hayo.

Reli ya Wajerumani ilifika hapa kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, mji ukakua. Lakini anayeulisha ni mlima wa Uluguru, na mlima hauburuzwi. Waingereza walilazimisha watu wa huko wachimbe matuta ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu wakagoma, Matombo, huko huko mlimani, ikachafuka, na mpango ukafa. Huwa nayakumbuka hayo nikiona mgambo anamfukuza bibi mwenye tenga.

Jumamosi, 15 Juni
Kesho kutwa Idi. Pilipili manga, mdalasini na karafuu vinanukia hadi barabarani. Juu ghorofani wauzaji wanachati na simu, wateja wa kuhesabu. Nje, pembeni ya mtaro, ndizi zimepangwa chini juu ya magunia na watu wanasukumana.

Nikamuuliza bibi mmoja kwa nini haingii ndani.
"Mwanangu, nani apande ngazi na mkungu kichwani? Na nani atanifuata huko?"

Hapo kasema yote. Nguo na vyombo vipande ghorofani. Ndizi na mboga zipewe nafasi chini, yenye kivuli na ushuru wa kueleweka. Manispaa ikishindwa hilo, iache kuwakimbiza.