Shahidi wa Joto

Mashahidi wa dunia hii ni wa namna mbili: wenye ulimi na wasio na ulimi. Wasio na ulimi ndio wengi, nao ndio wanaoonewa zaidi, kwa kuwa hawawezi kujitetea. Nataka kueleza habari za shahidi mmoja wa namna hiyo, kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba, kilichonifunza jambo ambalo chuo cha ualimu kilikuwa kimekwisha kunifunza kwa maneno, lakini sikulifahamu kwa moyo.

Ngomeni ni kijiji cha pwani, kaskazini ya Malindi, penye wavuvi, mikoko na upepo wenye chumvi. Katika nyanda zilizo karibu nasi watu hufanya chumvi kwa jua. Maji ya bahari huvutwa kwa pampu, yakaingizwa katika bwawa kubwa, kisha yakapitishwa bwawa hadi bwawa, na kila hatua jua na upepo huyapunguza mpaka chumvi ikabaki chini. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 au karibu yake. Basi gunia moja la kilo 50 hutaka lita zaidi ya 1,400, hata isipopotea chembe moja. Wala maji hayavutwi wakati wowote. Hungojewa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapojaa mpaka ndani ya vijito vya mikoko. Pampu ikizikosa saa zile chache, bwawa hungoja majuma mawili mengine.

Mjomba wangu alikuwa mtunzaji wa injini kubwa ya dizeli iliyozungusha pampu moja ya namna hiyo. Jina la kiwanda sitalitaja, kwa kuwa kisa hiki kingaliweza kutokea katika kiwanda chochote. Mjomba alisoma hadi darasa la nne, akaingia katika kazi ya injini, akazeeka nayo. Usiku mmoja wa bamvua, majira ya kaskazi, mshale wa geji ya joto uliruka ghafula ukagonga alama nyekundu. Mjomba akazima injini. Alipotazama hakuona mvuke wala uvujaji. Akaiwasha tena, mshale ukaruka tena. Mara tatu alizima, na kulipopambazuka bahari ilikuwa imekwisha kurudi na bwawa halikujaa. Msimamizi aliagiza kihisi cha joto, ambacho mafundi wetu hukiita sensa, kibadilishwe. Kilibadilishwa mara mbili, na mshale haukuacha kuruka. Ndipo msimamizi alipotoa hukumu: ikiwa vihisi ni vipya na maji ni salama, basi mtunzaji anatafuta kisingizio cha kulala. Alikatwa mshahara wa siku tatu, akaamriwa aukate waya ule, kusiwe na geji ya kumsumbua mtu. Na akaambiwa kwamba akizima injini tena bila sababu, asirudi kazini.

Ili msomaji apime uzito wa amri ile, yafaa afahamu injini ya dizeli inavyofanya kazi. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifaulu kuonyesha injini yake mwaka 1897. Ndani yake hewa hubanwa kwa nguvu mpaka ikawa na moto wa kuwasha mafuta bila cheche. Sehemu moja ya joto la mafuta huwa kazi. Nyingine hutoka na moshi. Nyingine huchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya chuma na kwenda kupozwa katika rejeta. Injini kubwa nyingi hupenda maji yake yawe kati ya digrii 80 na 95 hivi. Yakizidi sana, oili huwa nyepesi, gasketi huungua, kichwa cha injini hupinda, na mashine ya thamani kubwa hugeuka chuma chakavu kwa dakika chache.

Kihisi ndicho kilichowekwa ndani ya maji hayo kiwe shahidi. Siri yake ni ya zamani. Mwaka 1833 Michael Faraday, mtaalamu wa Uingereza, aliona kwamba kuna vitu ambavyo, tofauti na waya wa kawaida, hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kadiri vinavyopata joto. Kihisi cha injini ile kilikuwa cha tabia hiyo. Kikiwa baridi huuzuia umeme. Kikipata moto huupisha, na mshale hupanda. Kwa hiyo waya ukikatika, geji hudhani injini ni baridi. Na waya ukigusa chuma, umeme hupita bila kizuizi, na geji hudhani injini inaungua.

Nilikuwa likizoni mjomba aliponieleza mambo hayo. Huniita mwalimu, ingawa mimi ni mpwa wake. Nilimjibu upesi, kama watu waliosoma wanavyojibu: "Mjomba, kifaa kimekwisha hicho. Ukate waya upate amani."

Hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, mshale huu haupandi, huruka. Nawe umepata kuona sufuria ya maji ikichemka kwa kufumba na kufumbua? Joto hupanda ngazi. Hili linaruka dirishani. Tena mjumbe hauawi, mpwa wangu. Kwanza huulizwa ametumwa na nani."

Niliona haya. Nimefundisha mara nyingi kwamba maji mengi hayabadili joto lake kwa ghafula, na nimeandika hivyo ubaoni kwa chaki. Lakini mtu wa darasa la nne ndiye aliyelitumia somo langu. Nilichukua kipimajoto cha kioo na mita ya umeme, tukaenda kwenye banda la pampu kabla ya waya kukatwa.

Tulianza injini ikiwa baridi. Mjomba alikifungua kifuniko cha rejeta, akanionya kwamba kifuniko hicho hakifunguliwi kamwe injini ikiwa na moto, kwa kuwa maji yaliyobanwa hurukia uso. Rejeta ilikuwa imejaa. Tukatia kipimajoto mdomoni mwake, tukaiwasha injini. Joto likapanda polepole, likatulia kwenye digrii 82. Mara mshale wa geji ukaruka hadi nyekundu, na kipimajoto kikabaki 82. Maji hayakuwa na hatia. Kisha tukautoa waya kwenye kihisi: mshale ukaanguka upande wa baridi. Tukaugusisha ncha yake na chuma cha injini: ukaenda nyekundu. Geji nayo haikuwa na hatia, kwa kuwa ilijibu sawasawa kila ilipoulizwa. Mwisho mjomba aliifunga ncha ya waya kwa kitambaa kikavu, akaiacha ikining'inia bila kugusa kitu, injini ikinguruma. Tukangoja. Baada ya dakika chache mshale ukaruka hadi nyekundu! Shahidi hayumo barazani, na ushahidi ungali ukitolewa.

Basi mwongo alikuwa waya. Tuliufuata kwa vidole mpaka mahali ulipopita nyuma ya kibano cha chuma. Hapo mtikisiko wa miaka mingi ulikuwa umeila ngozi yake ya plastiki, na shaba uchi ikachungulia. Kila injini ilipotikisika kwa namna fulani, shaba iligusa chuma, na geji ikapiga kelele. Tuliubadilisha waya ule, tukaupitisha mbali na kibano. Kadhalika tulisugua kutu ya kijani iliyokuwa imeota kwenye kiungo kwa sababu ya hewa ya chumvi. Kutu ile ilikuwa na hatari yake: huzuia umeme, ikafanya mshale uonyeshe ubaridi kuliko ilivyo kweli. Uongo unaotisha husumbua. Uongo unaotuliza huangamiza.

Vile vihisi viwili vilivyotupwa nilivitafuta katika pipa la takataka. Tuliteka mafiga matatu, tukachemsha maji, tukavitumbukiza ncha zake pamoja na kile cha tatu. Ngomeni iko usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka penye digrii 100. Nairobi, kwa ajili ya urefu wa nchi, huchemka kabla ya kufika hapo. Katika maji ya digrii 30 kila kimoja kilionyesha zaidi ya omu 400. Katika maji yanayochemka, karibu omu 40. Wote watatu walisema neno moja. Wawili walikuwa wamehukumiwa bure.

Kisa kingaliishia hapo, ningalijisifu. Lakini bamvua lililofuata nilikwenda kukesha na mjomba. Msimamizi naye alikuwapo. Yapata saa kumi za usiku bahari ilikuwa imejaa na pampu inanguruma. Mshale ulikuwa umesimama penye 82. Nikauona 86, kisha 90, kisha 95. Msimamizi alisema, "Umeanza tena." Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Mjomba, imebaki nusu saa tu. Huenda ni desturi yake ile ile."

Mjomba alimtazama msimamizi, ambaye mkononi mwake ulikuwamo mshahara wake na karo ya watoto wake. Akasema kwa sauti ndogo, "Leo haukuruka. Leo unapanda." Akaondolea injini mzigo, akaiacha ipumue kidogo, akaizima.

Kwa taa tuliona paipu ya mpira imepasuka chini, na maji yakitiririka mchangani gizani bila kuonekana. Laiti tungaliendelea, maji yangalishuka chini ya kihisi, nacho kingalibaki katika hewa na mvuke. Shahidi husema habari za kile kinachomgusa tu. Mshale ungaliweza kurudi nyuma na kutupa nafuu ya uongo huku chuma kinapinda. Tulibadilisha paipu, tukangoja injini ipoe, tukatia maji. Bahari ilipoanza kurudi tulipata kuvuta kwa muda mfupi. Bwawa halikujaa, lakini injini ilikuwa nzima. Mshahara uliokatwa haukurudishwa. Ila hakuna aliyemwita mjomba mvivu tangu usiku ule.

Alfajiri nilirudi kwa njia ya ufuko. Mbele yangu baharini yalisimama majukwaa ya San Marco. Hapo Waitalia walirusha setelaiti yao mwaka 1967, na hapo iliruka ile iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Urushaji ulikoma mwaka 1988. Nilifikiri: hakuna mkono uwezao kukigusa chombo kilichokwisha kwenda juu ya mawingu. Joto lake na baridi yake hujulikana kwa mashahidi wadogo kama yule wetu, na kwa hiyo hujaribiwa chini, kabla ya safari.

Wewe kijana usomaye, utapewa habari nyingi usizozipenda. Usimkate mjumbe waya kwa sababu anakuudhi, wala usimwamini kwa sababu anakufurahisha. Mlinganishe na jambo ulijualo kwa hakika. Uangalie anaruka au anapanda. Ufuate njia aliyopitia mpaka mwisho. Na ukiisha kumwona ni mkweli, mtii, ingawa imebaki nusu saa tu na bahari imejaa. Nilipitisha miaka nikiyafundisha haya ubaoni. Mjomba wangu aliyafanya usiku mmoja, mshahara wake ukiwa hatarini.