Mifarishi ya Mama



Mara nyingi sisi waalimu huandika habari za watoto wa shule na za mashamba. Leo nataka kuwaandikia habari za sindano ya mama yangu. Si jambo kubwa mbele ya watu, lakini kwangu mimi limo deni ndani yake, na deni hilo sijalilipa.

Mama hukaa hapa Mutuka, katika Babati, karibu na shule ninayofundisha. Kazi zake ni zile za wanawake wote wa hapa: hulima mahindi na mbaazi, hufuga kuku, hukama ng'ombe mmoja. Lakini ikifika alasiri, vyombo vimekwisha kuoshwa, huketi barazani na kushona mifarishi ya viraka, yaani mashuka mazito ya kujifunika, yaliyoungwa kwa vipande vingi vya nguo. Sisi tukaao chini ya mlima Kwaraa twaijua baridi ya Juni na Julai, wala hapana atakayeuliza mfarishi ni wa nini.

Kazi hii aliianza kwa shida. Baada ya vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979, nguo ziliadimika katika nchi yetu. Kitenge cha Urafiki, kile kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, kilipatikana kwa mgao, na mgao wenyewe haukuwafikia wote. Mama alikuwa bibi arusi mpya siku zile. Hakutupa hata utepe wa kanga. Baadaye, serikali ilipolegeza biashara mwaka 1984, mitumba ikaja kwa wingi, na watu wengi wakaacha kutia viraka. Yeye hakuacha. Nalimwuliza sababu, akasema, "Mkono ulikwisha kuzoea."

Vipande huvipata kwa mafundi cherehani. Siku ya soko hupita kwa fundi mmoja, humpa mayai, naye humwachia mabaki yote yaliyoanguka chini ya cherehani. Huyachukua nyumbani, na jambo la kwanza huyafua, tena mara tatu, na kuyaanika. Katika Injili tumesoma habari za kiraka kipya kilichotiwa katika vazi kuukuu, jinsi kinavyolirarua. Mimi nalilifundisha neno lile miaka mingi kama fumbo tu. Mama hulijua kwa vidole, maana kitenge kipya hurudi kikiingia maji, na kikirudi huvuta nguo ya zamani iliyo karibu nacho mpaka ikaachia. Kwa hiyo hukirudisha kwanza, ndipo hukikata.

Chini hutandika shuka au kanga iliyochakaa. Juu yake hupanga masweta ya mitumba yaliyoraruka, ameyapasua ubavuni ili yalale sawasawa. Juu ya hayo ndipo huja viraka. Kwanza hupiga bandi ndefu ili vitu visitembee, kisha hurudi na bandi ndogo ndogo, mstari kwa mstari, akishika tabaka zote tatu pamoja. Uzi huupaka nta ya nyuki usije ukafumuka. Mfarishi wa mtu mzima humla miezi minne au mitano, nao huwa mzito kama mtoto aliyelala. Rangi hajali sana, bali huchagua kwa uzito. Kitambaa chepesi hakai karibu na kizito, maana kimoja kitakufa mapema na kumwachia mwenziwe tundu.

Desturi yake ni kuanza katikati. Huchagua kipande kimoja, akakiweka, akakizungushia vingine mpaka afike ukingoni. Kile cha katikati ndicho kiupacho mfarishi jina lake.

Sasa nitasema habari ya deni langu. Mwaka 2004, nikiwa na miaka kumi na minne, nalipelekwa shule ya bweni. Mama akanitilia mfarishi ndani ya sanduku la bati. Usiku wa kwanza nilipoufungua, vijana wenzangu walicheka sana, wakasema hilo ni blanketi la mwendawazimu. Basi nikaukunja, nikaurudisha sandukuni, nikalala kwa shuka moja jembamba. Nikafanya hivyo mpaka Juni, ndipo nikashikwa na kichomi. Mama akaitwa. Alipofika alitaka kunibadilisha nguo, akafungua sanduku, akaona mfarishi umekunjwa. Hakunikemea. Aliutoa, akanifunika, akaketi chini kando ya kitanda changu hata asubuhi. Nami nalifumba macho, nikijifanya nimelala.

Miaka mingi baadaye ndipo dada yangu aliponiambia jina la mfarishi ule. Katikati yake palikuwa na kipande cha kaptula ya buluu niliyoivaa siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Mimi sikuwa nimetazama.

Siku hizi mama ana kazi tatu mkononi. Ya kwanza ni mfarishi mdogo wa mtoto wa dada yangu, anayetazamiwa kuzaliwa baada ya mavuno. Ya pili ni ule wangu wa shule, ambao mke wangu aliukuta umetoboka akauleta utengenezwe. Mama aliupokea kama mtu apokeaye mgonjwa, akaugeuza huku na huku, akasema pembe tatu zapona. Ya tatu ndiyo nitakayo kuieleza zaidi.

Baba alifariki miaka tisa iliyopita, akaacha koti moja zito la rangi ya udongo, alilovaa kanisani na mnadani pia. Mama alitaka kipande chake kiwe katikati ya mfarishi. Mimi nalikataa. Nalisema koti la baba likae zima, nalo likakaa zima, likining'inia msumarini chumbani mwake. Nondo wameanza kulila. Tena macho ya mama yameingia ukungu. Tabibu amesema ni mtoto wa jicho, na kwamba hupasuliwa, naye mama amejibu kwamba atakwenda, mbaazi zikiisha kuvunwa. Kwa sasa hawezi kutunga uzi. Wajukuu humtungia wakitoka shule.

Mwaka huu mwalimu mwenzangu alinionyesha katika simu yake picha za wanawake wa kabila la Siddi, wakaao katika jimbo la Karnataka, Bara Hindi. Hao asili yao ni Afrika, na wengi wazee wao walitoka pande hizi za mashariki, wakavushwa bahari na Waarabu na Wareno, wengi katika utumwa. Wengine walitoroka Goa wakaingia misituni. Leo wamo kati yao Wahindu, na Waislamu, na Wakristo pia. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi, kwa nguo kuukuu na bandi kama zile za mama. Pembeni hutia vitambaa vilivyokunjwa, huviita maua, na kwao mfarishi usio na maua ni kama uko uchi.

Nalimsomea mama haya yote, naye alisikiliza kwa utulivu mpaka niliposema kwamba wao huanza ukingoni, wakazunguka wakiingia ndani, wakamalizia katikati. Hapo aliacha kushona.

"Na katikati wanaweka nini?"

Nikamwambia ni kipande cha mwisho tu, kile kinachoenea.

"Hawakichagui mapema?"

"Sidhani, Mama."

Alinyamaza kidogo. Kesho yake nalimkuta ametandika shuka jipya chini, ameanza kushona ukingoni. Nalidhani anajaribu ufundi wa wageni kwa kujifurahisha, kwani hata uzee haukumwondolea udadisi. Lakini juma kwa juma nikaona anavyoingia ndani: kanga ya harusi ya dada, shati langu la chuo cha ualimu, gauni la bibi yetu, kitenge cha Urafiki ambacho baba alimnunulia wakati wa mgao, nacho kimepauka hata ua lake halijulikani. Hakunitajia koti hata mara moja. Pamebaki katikati mahali pa shubiri mbili.

Jumamosi iliyopita wajukuu walikuwa wamekwenda kuteka maji, akaniita nimtungie uzi. Nalitunga sindano nne, ili zimtoshe siku nzima. Nikatafuta mahali pa kuzichoma zisipotee, maana sindano ikianguka huwa haioni tena. Nikaingia chumbani, nikalitoa koti msumarini, nikazichoma zote nne katika kola yake, nikamwekea magotini.

Akalipapasa. Akazihesabu sindano kwa kidole, moja moja. Kisha akasema, "Haya, baba. Mkasi umekuwa butu, nenda ukaunoe."