Kikao Kisicho na Ajenda

Katika ukoo wetu, simu ikilia kabla ya jua kuchomoza, mtu haipokei mpaka ameshasema innalillahi moyoni. Ndipo tulipofika. Ndugu tuliokula sinia moja tunaonana makaburini, kisha kwenye arobaini, kisha kwenye vikao vya harusi ambako mtunza hazina husoma majina ya waliotoa na, kwa sauti ya juu kidogo, ya wasiotoa. Kundi letu la WhatsApp lina jina zuri la bibi yetu, lakini ukilipitia utakuta orodha za michango, namba za kutumia fedha, dua, na picha za maua kila Ijumaa. Sisemi haya ni mabaya. Bila michango hiyo wazee wetu kadhaa wasingetibiwa. Ninachosema ni kwamba kila tunapokutana tuna jambo, na jambo likiisha kila mtu anauliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi.

Mimi dawa ya hali hiyo niliikuta kwenye ubao wenye mashimo 32.

Nilipostaafu ualimu nilikwenda kukaa Pangani kwa muda, kusimamia mafundi waliokuwa wakibadilisha paa la nyumba ya babu, mzaa mama. Mjomba wangu, mdogo wake marehemu mama, ndiye anayeishi humo. Ni mzee wa maneno machache. Ukimuuliza habari za afya anasema Alhamdulillahi. Ukimuuliza habari za zamani anasema zamani imepita. Siku za mwanzo tulikaa barazani tukitazama watu wakielekea kwenye kivuko cha kwenda Bweni, nami nikijitahidi kutafuta mazungumzo kama mgeni aliyealikwa kwenye kamati. Jioni moja akaingia ndani, akatoka na bao la babu, lile la mninga, pembe zake zimelainika kwa viganja vya watu ambao wengi wao sasa hawapo. Akamwaga kete. “Kaa hapo, mama,” akaniambia. “Sijui, mjomba,” nikasema. Akacheka. “Unajua.”

Kwa asiyelifahamu bao la Kiswahili, nieleze kidogo. Kuna safu nne za mashimo manane manane na kete 64, kila mchezaji 32. Kete hazianzi zote ubaoni. Kila mmoja anaweka sita kwenye nyumba, shimo la pembe nne lililo safu ya mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zinazobaki anakaa nazo, akiziingiza moja moja zamu yake inapofika. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi unaanza mtaji. Ukila kete za mwenzako hazitoki nje: unazigawa moja moja upande wako, na ya mwisho ikiangukia penye kete mwendo unaendelea, ikiangukia shimo tupu unalala. Anayeishiwa kete safu ya mbele amefungwa. Kwa hiyo hakuna kinachopotea kwenye ubao, kinabadilisha mwenyewe tu. (Msinilazimishe kutoa funzo hapo; wahubiri wameshalitoa.)

Nimefundisha hisabati sekondari tangu nikiwa msichana, na sijaona kitabu cha kiada kinachomzoeza mtoto kuona mbali kama huu ubao unavyofanya. Kete moja ikiingia inaweza kuzungusha mwendo mrefu unaobadilisha sura yote, na mchezaji hodari anauona mwisho wake kabla hajagusa. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikwenda Zanzibar kukaa na mabingwa wa bao, na tasnifu yake, aliyoiwasilisha Leiden mwaka 1995, ilihusu mipaka ya akili ya binadamu. Mtu wa kutoka Ulaya anatafuta kikomo cha akili, na anakwenda kukitafuta barazani kwetu! Mjomba nilipomsimulia hakushangaa hata kidogo. Alichouliza ni kama huyo Mholanzi alikuwa anafunga.

Sasa, mimi bao nililijuaje? Wasichana hatukuketi barazani. Alasiri baraza ilikuwa ya wazee, mwenye dele la kahawa akipita na vikombe vyake akivigonganisha, na sahani ya kashata ikizunguka. Sisi tulikuwa nyuma ya jiko. Tulichimba mashimo mchangani, tukacheza kwa komwe tulizookota ufukweni, zile mbegu za kijivu zinazokaa ndani ya maganda yenye miiba. Wavulana walikuwa wakizisugua juu ya jiwe mpaka zikawaka moto, kisha wanakubandika nazo shingoni. Kanuni zetu zilikuwa nusu za kusikia na nusu za kubuni. Kanuni zenyewe nilizipata dirishani, chumba cha bibi, ambacho dirisha lake linatazama baraza. Nilijifanya nabembeleza mtoto wa shangazi ili nisikie wazee wakibishana kama nyumba isafiri au ilale.

Haya nilimwambia mjomba huku tukicheza, kwa uchungu kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeyabeba muda mrefu. “Mlikuwa mnatufukuza.”

“Nani? Mimi?” Hakuinua macho. “Mngekuja tu.”

Nilitaka kubisha. Nakumbuka sauti, nakumbuka kandambili iliyorushwa. Lakini nilikuwa na zamu, na bao halikusubiri malalamiko yangu. Ndipo mjomba, akiwa bado anahesabu, akasema jambo ambalo mpaka leo sijamaliza kulifikiria: “Mama yako alikuwa akimfunga baba.”

Mama? Sikumwona hata siku moja akishika kete. Mama ninayemjua mimi alikuwa mtu wa kusuka ukili, wa kupika bila kuonja, wa kuamka kabla ya adhana. Mjomba akaendelea, kete moja moja na neno moja moja, kwamba kabla hajaolewa, baada ya swala ya Isha, babu alikuwa akiliingiza bao ndani, taa ya chemli inawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, na baba na binti wanacheza mpaka mafuta yapungue. Mama alikuwa na tabia ya kuimba chinichini anapokaribia kushinda, na babu alikuwa akikasirika kweli kweli, hadi mara moja akakataa uji asubuhi. Mjomba alikuwa mdogo, amelala mkekani, anasikiliza. Kwa hiyo na yeye kanuni alizipata kwa kusikia.

“Mbona hakunifundisha?” nikauliza.

“Ulimuuliza?”

Mama alipofariki, wasifu wake ulisomwa mbele ya watu wengi. Ulisema alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mlezi wa wengi, na yote yalikuwa kweli. Lakini nani atasimama msibani aseme marehemu alikuwa akiimba kwa kejeli anapomfunga baba yake? Mikutano yenye ajenda hutoa taarifa rasmi, na ndugu wanaokutana kwenye mikutano hiyo peke yake wanaishia kuwa na taarifa rasmi za watu waliowapenda. Yale mengine, yaliyo na harufu ya mtu, hutoka pembeni, macho yakiwa kwenye kitu kingine na mikono ikiwa na kazi. Sijui kama mjomba angeweza kunieleza habari ile tukiwa tumetazamana. Nadhani asingeweza. Wanaume wa umri wake hawakufundishwa kuzungumza uso kwa uso na binti wa dada yao kuhusu jambo lolote isipokuwa posa na mirathi.

Tangu hapo nimekuwa nikiwachokoza ndugu zangu wengine, na nimegundua kwamba utoto wetu ni kama shamba la urithi lisilogawanywa: kila mmoja anadai anaujua mpaka, na hakuna mwenye hati. Kaka yangu anamkumbuka baba kuwa mtu wa fimbo. Mimi namkumbuka akinimenyea chungwa kwa ganda moja lisilokatika. Mdogo wetu wa mwisho anamkumbuka mgonjwa tu, kikohozi nyuma ya pazia. Zamani tulikuwa tukigombana juu ya hili, kila mtu akimtetea baba wake. Siku hizi nikimsikia kaka anasimulia ile fimbo simkatizi. Yeye ndiye mwanamume wa kwanza, alizaliwa wakati fedha haipo na bei ya mkonge, iliyokuwa ikiulisha mkoa mzima wa Tanga, inaporomoka. Mimi nilikuja nyuma yake. Tuliishi nyumba moja na wazee wawili tofauti wenye jina moja, na nikimnyima kaka baba wake nitabaki na nusu ya wangu.

Niseme na kuhusu hili neno linalotutafuna, fursa. Nilipowaambia wenzangu wastaafu kwamba nimerudia bao, wa kwanza alinishauri nichonge mabao niwauzie watalii. Wa pili alisema nifungue chaneli ya YouTube, bibi anayecheza bao, watu watapenda. Wa tatu, mtu mwenye nia njema kabisa, alisema mchezo huo unazuia kusahausahau uzeeni. Inawezekana. Ila niliona ajabu kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nafurahi. Tumefika mahali ambapo mtu mzima akifanya jambo lisiloleta fedha wala afya, anaonekana amepotea. Babu yangu alifanya kazi ngumu kuliko sisi sote, na hakuna siku alidai kwamba bao linamsaidia kitu. Mwalimu Nyerere naye, mtu wa Butiama, mbali na bahari, alilipenda bao. Picha zake akicheza zinajulikana, na ninapozitazama simwoni mtu anayefanya mazoezi ya ubongo. Namwona mtu anayetaka kushinda.

Ushauri wangu kwa anayetaka kurudia jambo alilolipenda utotoni ni mdogo. Achague linalohitaji mtu wa pili, na ikiwezekana mtu asiye rika lake. Kusuka, kupiga gambusi, kuvua kwa mshipi, vyote ni vizuri, lakini ukivifanya peke yako chumbani unaweza kujikuta unabembeleza tu huzuni yako. Kumbukumbu ikiachwa peke yake inakuwa tamu kupita kiasi. Inahitaji mtu wa kuipinga. Mjomba amenipinga kuhusu kisima (hakikuwa chini ya mwembe, kilikuwa upande wa kibla), kuhusu bibi (hakuwa mpole, alikuwa mgonjwa wa presha aliyekatazwa kufoka), na kuhusu mimi mwenyewe: nilikuwa mtoto mwongo, anasema, na niliwahi kuzika kete ya babu ili mchezo usiendelee. Hilo la kete nalikana mpaka leo.

Na ajabu ni jinsi ubao unavyovuta watu bila kuitwa. Mafundi wa paa walikuwa wakishuka kula, wanachelewa kupanda. Wajukuu waliokuja likizo kutoka Dar es Salaam, wenye simu usoni tangu asubuhi, walianza kwa kucheka majina, kichwa, kimbi, takasa, wakaishia kugombania zamu. Mkwe wetu mmoja, kijana wa Kinyarwanda aliyemwoa mpwa wangu, kwao wanacheza igisoro, ambayo nayo ina safu nne, mashimo manane manane na kete 64. Alikaa kwa kujiamini, akafungwa mkononi, yaani hata mtaji haujaanza. Kwao ukila unazoa safu zote mbili za mwenzako. Kwetu ni ya mbele peke yake, na mazoea ya mkono ni magumu kuyavunja. Mjomba, ambaye wakati wa posa alikuwa na maneno yake juu ya kijana wa mbali, alimwambia arudi kesho. Wiki ile walicheza kila jioni. Sikuwahi kumsikia tena akimwita “yule mgeni wenu”.

Bado kuna mzozo. Kaka anataka bao la babu lihamie kwake Mbezi, likae kwenye kabati la vioo pamoja na vyombo vya kauri, lisije likaliwa na mchwa. Hoja yake si ya kijinga. Hewa ya Pangani ina chumvi, na nyumba ile imeshakula samani nyingi. Mimi nimempinga waziwazi, nikamwambia bao lililofungiwa kabatini ni ubao wenye matobo. Mjomba alitusikiliza wote wawili, kisha akatoa hukumu yake: lichukuliwe na yeyote atakayemfunga yeye mara tatu mfululizo, mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo, na asiyeweza asizungumze tena habari za mirathi ya mtu aliye hai. Mpaka sasa aliyefika karibu ni binti wa mpwa wangu, yupo darasa la sita. Alimfunga mara mbili, ya tatu akaingiwa na papara.

Kaka hajashika kete tangu shule ya msingi, na alisema hukumu hiyo ni ya kitoto. Lakini juzi wifi amenipigia simu, saa tano asubuhi, kulalamika. Mumewe amepakua programu ya bao, analala na simu kifuani, na usingizini anahesabu mashimo.