Kisiki cha Adhabu

Waulize watoto wa shule ya msingi maana ya kutunza mazingira. Mimi niliwauliza darasa la tano, mwaka wangu wa pili Gwarama, na mikono ikanyooshwa kama kawaida yao, wengine wanadatisha vidole mpaka unawaonea huruma. "Kufagia uwanja, Madam!" "Kufyeka majani, Madam!" "Kuokota makaratasi!" Mmoja wa nyuma akasema, "Kuchimba visiki." Darasa zima likaangua kicheko, kwa sababu kuchimba kisiki kwetu si somo. Ni adhabu.

Kama umesoma shule za bara huhitaji kuelezwa. Umechelewa namba, kisiki. Umeongea kilugha, kisiki. Hujaleta kuni siku ya kuni, kisiki. Unapewa jembe, unaoneshwa mti uliokatwa zamani, na unaambiwa usirudi darasani mpaka mizizi yote iwe juu. Mimi mwenyewe nilichimba nikiwa mwanafunzi, na nilipokuwa mwalimu wa zamu nikachimbisha. Sikuwahi kujiuliza kile kisiki kilikuwa kimewakosea nini.

Gwarama ni kata ya wilaya ya Kakonko, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kibondo, katika mkoa wa Kigoma. Wengi wakisikia Kigoma wanawaza ziwa, dagaa na mwisho wa reli. Huku juu hakuna ziwa. Kuna vilima na mabonde, migomba, maharage, mihogo, na miombo: ile misitu yetu mikavu ya mitundu na mininga ambayo Oktoba, kabla hata mvua haijanyesha, inatoa majani mekundu kama yenyewe imepewa taarifa mapema. Au niseme, ilikuwepo. Sasa mama akienda kuni anaondoka asubuhi, anarudi jua limeshakuwa kali.

Ukiuliza nani kamaliza msitu, jibu ni moja: wakimbizi. Na si uongo mtupu. Kambi ya Mtendeli, hapa hapa wilayani, ilipokea Warundi kuanzia 2016, maelfu kwa maelfu, na kila familia ilipika kwa kuni. Lakini kambi ilifungwa 2021. Siku moja nikiwa nafundisha ukataji miti, nimeshaandika ubaoni "sababu za ukataji miti", binti mmoja akauliza, "Madam, Warundi walishaondoka, mbona kuni zinazidi kwenda mbali? Sasa hivi nani anakata?" Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nyuma ya jiko la shule kulikuwa na lundo la kuni refu kuniliko mimi, kila mtoto kaleta fungu lake kwa agizo letu walimu. Nilimwambia tutajadili kipindi kijacho. Msomaji, unajua "tutajadili kipindi kijacho" maana yake nini.

Tulikuwa tunapanda miti pia, usidhani tulilala. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Miche inaletwa kwa gari, mikaratusi mingi, viongozi wanahutubia, kila mtoto anapewa mche wake na picha zinapigwa. Shida ni kwamba huku kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba, na ikifika Aprili inafungasha virago. Mche unapata wiki chache za kunywa, halafu unakutana na kiangazi cha miezi minne mtoto akiwa likizo ya Juni. Septemba unakuta vijiti. Mwaka uliofuata tulipanda kwenye mashimo yale yale, maana angalau kazi ya kuchimba ilikuwa imeshafanyika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kulikuwa na kijana wa darasa la sita, jina lake naliacha. Alichelewa siku tatu mfululizo. Nikampa kisiki cha mtundu pembeni ya uwanja, kikubwa, kimezungukwa na vichipukizi ambavyo mimi niliviona kama uchafu. Baada ya nusu saa akarudi na jembe mkononi. "Madam, hiki bado kizima." Nikaona kiburi. Nikamwambia, "Chimba." Alichimba siku mbili. Mizizi ya mtundu haina mchezo, inakwenda chini na inakwenda pembeni. Siku ya pili mchana niliona viganja vyake, malengelenge yamepasuka, na bado sikusema basi.

Asubuhi ya siku ya tatu akaja babu yake. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia taratibu, akaulizia nyumbani kwetu, akaulizia wazazi wangu kama bado wapo, na mimi muda wote nasubiri jiwe lirushwe. Halikurushwa. Akasema, "Mwalimu, sikuja kugombana na wewe. Mtoto akikosa arudiwe. Nilitaka tu nione hicho kisiki." Tukaenda. Akasimama kwenye shimo, akaokota chipukizi lililoanza kunyauka, akalishika kama mtu anayepima kitambaa. "Hiki kingekufika hapa," akaweka mkono kifuani, "kwa masika mawili tu. Mizizi yake ni mizee kuniliko mimi, haihitaji mtu wa kuimwagilia. Mmeiua. Halafu mtaletewa mkaratusi."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Babu yangu mzaa baba alikuwa na ngitili, kipande cha malisho alichokifunga kila masika, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kiwe na majani, na humo ndani miti ilijiotea yenyewe. Ngitili zilikaribia kupotea, na serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ilichofanya kwa sehemu kubwa ni kuwarudisha watu kwenye kile walichokuwa wanakifanya wazee. Nilikulia humo. Nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi na chaki, nikasahau.

Nikaanza kusoma. Niger, miaka ya 1980, Mwaustralia mmoja aitwaye Tony Rinaudo alihangaika kupanda miche inayokufa, mpaka alipogundua kwamba vile vichaka vya jangwani alivyokuwa akivipita kila siku ni visiki vya miti iliyokatwa, hai kabisa chini ya ardhi. Hapa kwetu Dodoma wakulima wanaifanya kazi hiyo hiyo na wameipa jina zuri, Kisiki Hai. Haina maajabu. Unachagua kisiki, unaacha machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unayapogoa, unafunga kitambaa ili mtu ajue kina mwenyewe, halafu unakilinda na mbuzi, moto na panga. Miti ya miombo inachipua hivyo kwa asili yake.

Mwalimu mkuu nilipomweleza alikuna kichwa. "Wakaguzi wakija wakakuta pori shuleni, nitawaambia nini?" Sikumlaumu. Shule nzuri kwa macho yetu ni ile iliyofagiliwa mpaka udongo unang'aa, mistari ya ufagio inaonekana, na nyasi hata moja hakuna. Mvua ikija udongo wote unahamia bondeni, lakini saa mbili asubuhi panapendeza. Mwishowe alinipa eneo nyuma ya vyoo, mahali ambapo mgeni hapelekwi.

Watoto walihesabu visiki 31. Vitambaa tulikata kwenye masweta ya shule yaliyochakaa. Babu yule alikuja na panga lake akatufundisha, kwa Kiha zaidi ya Kiswahili, na watoto wakawa wananitafsiria mimi mwalimu wao, jambo walilolifurahia kupita kiasi. Mabishano makubwa yalikuwa chipukizi lipi libaki. Niliwahi kusikia wavulana wawili wakibishana dakika kumi nzima juu ya tawi moja. Kwa somo langu la ubaoni hawakuwahi kubishana hata dakika moja.

Agosti moto ukaingia. Hatukukata njia ya moto. Kosa hilo ni langu. Nilikuta eneo lote jeusi, vitambaa vimeungua, nikakaa chini nikalia kidogo, sioni aibu kusema. Watoto walinishangaa. "Madam, subiri mvua," wakaniambia, kama mtu anayembembeleza mdogo wake. Novemba vikachipua tena kutoka chini. Si vyote, na tulipoteza mwaka mzima wa urefu.

Mengine hayajabadilika. Kuni za Ijumaa bado zinaletwa. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wameihama kuni na mkaa, lakini jikoni kwetu mtungi haujafika. Tulichoweza ni kuanika kuni juani na kuloweka maharage usiku kucha, na mpishi anasema fungu linapungua. Adhabu ya kisiki tumeifuta kwenye eneo letu, ila mwenzangu mmoja aliniuliza ofisini, "Sasa wakichelewa tuwafanye nini?" Sina jibu zuri mpaka leo. Yule kijana, nilikuja kujua, alikuwa anachelewa kwa sababu ya kuteka maji kwanza. Niliomba radhi mbele ya darasa. Aliangalia chini, akasema, "Haina shida, Madam."

Mtaala mpya umetuletea somo la Jiografia na Mazingira. Mwaka jana nilitoa jaribio darasa la nne: taja njia tatu za kutunza mazingira. Msichana mmoja aliandika kupanda miti, kutochoma moto, na ya tatu, "kukiacha kisiki kama kilivyo". Kwenye mwongozo wa kusahihisha jibu hilo halikuwepo. Nikampa alama yake, nikavuta daftari linalofuata. Lilisema kufagia, kufyeka na kuokota makaratasi.